Hakuna fedha za UVIKO-19 za kuandikishwa majina: zijue njia za fedha za miradi jimboni

Katika ziara ya Mheshimiwa Mbunge ya kutoa mrejesho kata kwa kata, ambayo nimeambatana nayo nikiwa Afisa Mipango na katibu wa Kamati ya Mfuko wa Jimbo, swali moja limejitokeza mara nyingi kuliko la mbolea na la barabara. Kwenye mkutano mmoja huku juu milimani, bibi aliyekuja na kigoda chake alisimama akasema: "Mwanangu, zile hela za korona tulizoandikishwa majina, tukatoa elfu tano tano za fomu, zinaingia lini?" Nilitazama umati nikaona vichwa vingi vikitikiswa kumuunga mkono.

Ndiyo maana naandika. Hakuna fomu ya namna hiyo. Halmashauri haikuitoa, ofisi ya Mbunge haikuitoa, na hakuna mtumishi wa umma aliyetumwa kukusanya elfu tano kwa mtu yeyote. Aliyepita kwenu na daftari ni tapeli, na taarifa tulizopokea zinatoka kata zaidi ya moja, kwa hiyo inawezekana bado anazunguka.

Tuje kwenye fedha zenyewe. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinisha kwa Tanzania mkopo wa dharura wa dola za Marekani milioni 567.25, takribani shilingi trilioni 1.3. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma kampeni ya kuzitumia. Ni mkopo. Naomba neno hilo lisomwe mara mbili, maana kila mkutano naulizwa kwa nini "msaada wa korona" haukugawiwa kwa wananchi. Mkopo hulipwa, na mlipaji ni mimi, wewe na bibi yule.

Zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani shule ndogo za watoto wanaokaa mbali na shule mama, kila darasa milioni 20 pamoja na samani zake. Nyingine zilikwenda kwenye majengo ya dharura na wodi za wagonjwa mahututi, mitambo ya oksijeni, mitambo ya kuchimbia visima na miradi ya maji. Fungu dogo lilipitia TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa ajili ya kaya maskini zilizo kwenye mpango wake. Nadhani hapo ndipo uvumi ulipopata mizizi: jirani kapokea, basi na mimi jina langu lipo mahali.

Wapo wanaosema ingekuwa heri tugawane. Tupige hesabu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ukiwagawia trilioni 1.3, kila mmoja anapata kama shilingi 21,000, mara moja, basi. Darasa moja la milioni 20 ni mafungu ya watu kama 950 yaliyowekwa pamoja, yaani kijiji kidogo kizima hadi vichanga vyake. Madarasa hayo ndiyo yaliyofanya Januari 2022 watoto waliofaulu waanze kidato cha kwanza kwa pamoja, bila kusubiri chaguo la pili kama tulivyozoea.

Ile miezi mitatu ya mwisho wa 2021 sitaisahau. Agizo lilikuwa madarasa yakamilike ifikapo Desemba, na huku Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba. Matofali yaliloa kabla ya kupangwa. Lori la saruji liliishia njia panda, likashindwa kupanda utelezi, akina mama wakaitua mifuko na kuipandisha kichwani hadi shuleni. Hawakuahidiwa posho wala hawakuiomba. Ninaposikia mtu akisema "zile fedha ziliishia mjini", nawakumbuka wale akina mama, na inaniuma kweli, kwa sababu jengo lipo, linaonekana kutoka barabarani.

Chanzo cha mkanganyiko nakielewa. Mwaka 2021 peke yake zilishuka fedha za njia nne tofauti, na kwa mwananchi zote zilionekana kitu kimoja. Kulikuwa na hizo za UVIKO-19. Kulikuwa na tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 15, ambayo ilielekezwa hasa kwenye vituo vya afya na madarasa. Kulikuwa na Mfuko wa Jimbo wa kila mwaka. Na kulikuwa na shilingi milioni 500 za barabara kwa kila jimbo.

Hizo milioni 500 zimeleta maneno mengi kuliko zote. Mpaka leo kuna wanaoamini Mbunge alikabidhiwa milioni 500 mkononi. Hapana. Fedha zile ziliingia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zikatangazwa zabuni na TARURA, zikalipwa na TARURA kwa mkandarasi baada ya kazi kupimwa. Mbunge na madiwani walishiriki kupendekeza barabara, na kazi yao ikaishia hapo. Vilevile barabara kuu ya Mbeya mjini kutoka Nsalaga hadi Ifisi ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, bomba la maji kijijini ni la RUWASA, wakala wa maji vijijini, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kulipiwa kutoka kwenye mfuko ninaousimamia. Nimelieleza hili mikutano mingi mno, na bado barua za kuomba daraja zinakuja mezani kwangu.

Sasa Mfuko wa Jimbo. Unaongozwa na Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya 2009. Mwenyekiti wa kamati ni Mbunge, katibu ni Afisa Mipango, na wamo madiwani, watendaji wa kata na mwakilishi wa asasi za kiraia. Fedha huingia kwenye akaunti ya halmashauri, haziingii kwa Mbunge, na hukaguliwa na CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kama fedha nyingine za serikali. Neno la kushika ni "kuchochea". Mfuko hauanzishi mradi pasipo na kitu. Unakuta boma limefika lenta kwa nguvu za wananchi, unaongeza mabati na mbao za kupaulia. Unakuta zahanati imepauliwa, unaongeza sakafu na milango. Kijiji kinacholeta ombi bila hata msingi kinapoteza muda wake na wangu.

Utaratibu wa kuomba ni huu, na hakuna njia ya mkato. Mradi uibuliwe kwenye kitongoji, upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari usainiwe ukiwa na orodha ya mahudhurio. Muhtasari uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ukajadiliwe, uandikiwe muhtasari wa pili. Mtendaji wa Kata auwasilishe kwangu ukiwa na makadirio ya gharama yaliyopitiwa na mhandisi wa halmashauri, picha ya hatua iliyofikiwa, na maelezo ya mchango wa wananchi kwa fedha au kwa nguvu kazi. Kamati ikiidhinisha, fedha hupelekwa kwenye akaunti ya kijiji au ya kituo husika, nanyi mnaunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mtu mmoja asikae kwenye kamati mbili kati ya hizo. Narudia hili kwa sababu ndilo linaloleta hoja za ukaguzi kila mwaka: aliyenunua saruji hawezi kuwa ndiye aliyeipokea. Kila mfuko uandikwe kwenye leja siku ulipoingia stoo na siku ulipotoka. Risiti iwe ya EFD, ile mashine ya kodi inayotoa risiti, si karatasi ya daftari yenye mhuri wa duka.

Mnaruhusiwa kuuliza, tena mnatakiwa kuuliza. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo na kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Kama kwenu hayasomwi, andikeni barua kwa Mkurugenzi Mtendaji mkitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotaka mjibiwe ndani ya siku 30. Barua iseme ni mradi gani, chanzo gani cha fedha, mwaka gani wa fedha. Barua inayouliza "hela zetu ziko wapi" haijibiki, kwa sababu sijui nifungue jalada lipi. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wanaolalamika barabarani hawafiki kwenye huo mkutano wa kijiji. Unaahirishwa kwa akidi, halafu lawama zinaanza Jumatatu.

Kwa walio na dhamana ya fedha hizi, kijijini na kwetu halmashauri, kifungu cha 28 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinahusu ubadhirifu: faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka saba, au vyote viwili. Mjumbe wa kamati anayesaini kupokea mifuko 100 ilhali imeshuka 80 asidhani amemsaidia fundi. Amesaini kwa jina lake. Taarifa za rushwa hupokelewa na TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Kujipatia fedha kwa udanganyifu, kama huyu wa fomu za elfu tano, ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka saba. Bibi yule alinionyesha karatasi aliyopewa: jina lake, kijiji, namba ya simu, na muhuri ambao si wa ofisi yoyote ninayoijua. Aliikunja vizuri kwenye kitambaa. Nilimweleza polepole, akanyamaza, kisha akauliza kama anaweza kurudishiwa. Nilimwambia ukweli kwamba siwezi kumwahidi.

Wote mliotozwa, pelekeni taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu. Chukueni karatasi mliyopewa hata kama imechanika, namba ya simu ya aliyewaandikisha, na kama mlituma kwa simu, ule ujumbe wa muamala. Msiufute. Wasiojua kusoma waende na mjukuu au jirani, na Mtendaji asikatae kuandika maelezo yao kwa sababu kiasi ni kidogo.