Sevu za gemu kwenye wingu: yanayosemwa vibandani na yaliyo kweli

Mtu akipoteza msimu wa nne wa ligi aliyoijenga tangu kabla ya Ramadhani, wa kwanza kulaumiwa ni umeme, wa pili ni wingu. Sevu ni faili linaloshika ulipofikia katika gemu, na wingu ni kompyuta za kampuni huko mtandaoni, ambako nakala ya sevu hupandishwa. Umeme una makosa yake. Wingu mara nyingi limefanya lile lile lililoamrishwa, ila aliyeliamrisha hakujua anaamrisha nini. Haya ndiyo yanayorudiwa zaidi katika vibanda vya PlayStation, Unguja na Pemba.

"Nafasi itajaa, futa za zamani"

Hofu kubwa, sababu ndogo. Anayelipia PlayStation Plus, usajili wa Sony wenye mashine za PlayStation, anapata GB 100 kwa sevu za gemu za PS4 na GB 100 nyengine kwa za PS5. Mafungu haya hayachanganyiki: moja likijaa, haliwezi kukopa kwa jirani. Hadi mwanzoni mwa 2019 fungu la PS4 lilikuwa GB 10 tu, na ushauri wa kufuta umebaki tokea zama hizo.

Sevu si gemu. Gemu ya mpira inaweza kuchukua makumi ya GB katika diski, lakini sevu yake huwa ni MB chache, na zilizonenepa sana hufika makumi ya MB. Tuseme kila sevu ina MB 15: GB 100 zitabeba zaidi ya sevu 6,000. Hakuna kijana wa mitaa ya Ng'ambo, Unguja, mwenye umri wa kucheza zote hizo. Gemu za kujenga dunia ndizo za kuangaliwa, kwa sababu kila unapotembea mbali zaidi faili linakua.

Xbox haina fungu la jumla la kulihesabu. Kila gemu imetengewa nafasi yake kwa kila mchezaji, na kazi ya kutosheka nayo ni ya aliyeitengeneza. Kwa Nintendo Switch nako huna GB za kupigia hesabu, lakini liko tatizo jengine, tutalifikia.

"Wingu ni la bure" na "wingu lazima ulipie"

Yote mawili yanasemwa kwa sauti ya uhakika, na yote yana nusu ya ukweli. Xbox One na Xbox Series hupandisha sevu bila malipo. Akaunti inatosha, Game Pass, usajili wao wa kulipia, haihitajiki. PlayStation inataka Plus, na daraja la chini, Essential, linatosha. Switch inataka Nintendo Switch Online, usajili wa kulipia wa Nintendo.

Mwishoni mwa 2023 Essential nchini Marekani ilikuwa dola 9.99 kwa mwezi au 79.99 kwa mwaka, yaani kama dola 6.67 kwa mwezi kwa anayelipa mwaka mzima. Nintendo imekuwa ikitoza dola 19.99 kwa mwaka kwa mtu mmoja, na 34.99 kwa kundi la familia lenye akaunti hadi nane. Watu wanane wakichangiana, gharama inashuka chini ya dola 5 kwa kichwa. Nchi nyengine zina bei zao.

Kwetu gharama ya kweli ina mkia. Tanzania haimo katika orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation, kwa hiyo wengi wana akaunti zilizoandikishwa nchi nyengine na hujazia kwa kadi za vocha. Kadi lazima iwe ya nchi ile ile ya akaunti: vocha ya Marekani haiingii katika akaunti ya Imarati, na muuzaji wa mtandaoni hatakurudishia pesa baada ya kukwangua namba. Nchi ya akaunti nayo haibadilishwi. Ukifungua akaunti mpya kwa sababu vocha zake ni rahisi, sevu za akaunti ya zamani hazihamii kule.

Diski pia ina ujanja wake. Gemu hiyo hiyo ikiwa ya toleo la Marekani na ikiwa ya toleo la Ulaya, mashine mara nyingi huzihesabu gemu mbili tofauti. Sevu iko, unaiona kwa macho, na gemu haiisomi. Kabla ya kubadilishana diski na mwenzio, tazameni namba inayoanza na CUSA ubavuni mwa kasha la PS4, au PPSA kwa PS5.

"Siku ukiacha kulipa, sevu zinakufa"

Haziondoki siku ile. Zilizomo ndani ya mashine zinabaki na zinachezeka kama kawaida, maana malipo yanahusu nakala ya juu tu. Nintendo huishikilia nakala hiyo kwa siku 180 baada ya usajili kwisha. Sony inajipa haki ya kuifuta baada ya miezi sita. Ndani ya muda huo hutaweza kuishusha mpaka ulipe tena, lakini mwezi mmoja unatosha: lipa, shusha kila kitu, kisha amua kama unaendelea.

Hatari iko kwa aliyeuza mashine yake soko la Darajani akisema atanunua nyengine mwakani. Kama hakulipa katikati, miezi sita ilishapita.

"Mashine ikiuliza, chagua wingu, ndilo salama"

Ushauri huu umefuta sevu nyingi.

Tazama jinsi inavyokuwa. Bando limekwisha, watu wamecheza siku tatu mfululizo baada ya tarawehe bila intaneti. Nakala ya ndani imesonga mbele, ya juu imesimama pale pale. Siku ya nne mtu anawasha hotspoti ya simu. Mashine inaona nakala mbili zisizolingana, inauliza ipi ibaki. Aliyeambiwa wingu ndilo salama anabonyeza wingu, na siku tatu zinafunikwa na nakala ya zamani. Hakuna kurudi nyuma, kwani PlayStation na Switch zinabakisha nakala moja tu ya sevu ile, ya mwisho.

Kwa hiyo swali hilo likija, usibonyeze haraka. Ghairi kwanza. Kata intaneti. Fungua orodha ya sevu katika mipangilio, soma tarehe na saa ya nakala ya ndani, kisha rudisha intaneti usome ya wingu. Inayobaki ni ile uliyoicheza mwisho, si lazima iwe ile yenye faili kubwa. Kama ni gemu ya PS4, nakili sevu ya ndani kwenye flashi kabla ya kuchagua lolote, na hapo hata ukikosea una pa kurudia.

Tarehe nayo inaweza kudanganya. Mashine ya mtumba iliyokaa miaka huenda betri yake ndogo ya ndani imekufa. Ikichomolewa ukutani saa yake inapotea. Ukiona sevu ya jana imeandikwa mwaka ambao hujanunua hata mashine, usiiamini saa hiyo. Ingia katika gemu yenyewe bila intaneti, utazame uko raundi ya ngapi.

Kosa la pili linatokana na kudhani PS4 na PS5 zinafanya kazi sawa. PS5 husawazisha pande zote mbili, inapandisha na kushusha. PS4 hupandisha tu yenyewe. Kushusha ni kwa mkono: simama juu ya picha ya gemu, bonyeza Options, chagua kupandisha au kushusha sevu. Tena PS4 inapandisha yenyewe pale tu inapokuwa imewekwa kama mashine kuu ya akaunti ile. Kibanda chenye PS4 tano na akaunti moja kina mashine moja tu inayopandisha. Nne zilizobaki hazina nakala mpaka mtu akumbuke. Na mashine isiyoachwa katika usingizi wenye intaneti hai haipandishi kitu usiku. Kuzima swichi ya ukutani ukimaliza kucheza, ili Tukuza, umeme uliolipia kabla, isiliwe bure, ni kuikatisha mashine kazi yake.

Umeme ukikatika wakati gemu inaandika sevu, faili linaweza kuharibika, na hapo nakala ya juu ndiyo ya kukuokoa. Zima usawazishaji wa kujiendesha kabla ya kujaribu chochote, halafu futa iliyoharibika ndani ya mashine, halafu shusha. Mpangilio huu usigeuzwe. Kwenye Xbox soma vizuri unapofuta: kuna kufuta katika mashine hii tu, na kuna kufuta kila mahali. La pili linaondoa na ya wingu.

"Kila gemu inapanda"

Kwenye Switch, la. Splatoon 2, Pokémon Sword na Shield, Pokémon Scarlet na Violet hazikubali wingu la sevu. Animal Crossing: New Horizons ina utaratibu wake pekee wa kuhifadhi kisiwa, ambao inabidi uuwashe mwenyewe. Tazama ukurasa wa gemu dukani kabla ya kununua. Imeandikwa kama inakubali.

Kwenye PlayStation, mchezaji ambaye hajaunganishwa na akaunti ya mtandao, yule wa jina la haraka haraka la "mgeni", sevu yake haipandi hata kibanda kikilipia madaraja yote.

Halafu kuna ambazo hazikuwa kwenye sevu tangu mwanzo. Katika gemu ya mpira ya kampuni ya EA, kikosi chako cha Ultimate Team, kinachochezwa mtandaoni, kimo katika kompyuta za EA. Mashine ikiungua leo, kesho utakikuta kwa akaunti ile ile. Career Mode, ile misimu unayocheza peke yako, ni faili lako, likipotea limepotea. GTA V iko hivyo hivyo: hadithi ni faili, ya mtandaoni iko kwa Rockstar, watengenezaji wake. Watu huhangaika kuhifadhi kile ambacho hakiwezi kuwapotea, na kile kinachopotea hawakigusi.

"Flashi inatosha"

Kwa gemu za PS4, ndiyo, na haina gharama ya kila mwezi. Flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32 au exFAT. Ya NTFS mashine haitaiona. Mipangilio, usimamizi wa sevu, sevu zilizomo ndani ya mashine, nakili kwenye USB. Ukiifungua katika kompyuta utakuta folda PS4 na ndani yake SAVEDATA. Itarejea kwa akaunti ile ile tu, kwa hiyo kumpa mwenzio sevu yako haiwezekani.

Kwa gemu za PS5 hairuhusiwi kunakili sevu moja moja. Njia iliyopo ni kuhifadhi mashine nzima kwenye diski ya USB, lakini kuirejesha kunaifuta kwanza mashine unayorejeshea. Hiyo ni kazi ya siku ya kuhamia mashine mpya, si ya kila Ijumaa. Xbox Series haitoi sevu kwenye flashi. Switch huweka sevu katika kumbukumbu yake ya ndani, hata kama gemu yenyewe iko kwenye kadi ya microSD. Kuibadilisha kadi hakuokoi kitu. Kuhamisha sevu kwenda Switch nyengine bila kulipa kunawezekana, ila ni kuhamisha: ya kwanza inabaki tupu.

"Kupandisha sevu kunakula bando"

Sevu ya MB 15, mara tatu kwa siku, siku 30, ni MB 1,350, hata tukichukulia kila mara inapanda nzima. Anayemaliza bando ni usasishaji wa gemu, unaoweza kuteremsha GB 20 usiku mmoja huku umelala. Zima usasishaji wa kujiendesha, acha upandishaji wa sevu. Ni swichi mbili tofauti, na wengi huzima zote.

"Ukifuta gemu umefuta sevu"

Si kweli kwa mashine zote tatu. Diski ikijaa, futa gemu, ila usichague kufuta na sevu yake.

"Wingu halizimiki"

Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Februari 2025 mtandao wa PlayStation ulianguka kwa karibu saa 24 duniani kote, na Sony ikawaongezea wanachama wa Plus siku tano. Siku kama hizo mashine iliyo na nakala ya ndani inaendelea. Iliyofutwa sevu zake ili kupunguza mzigo, kwa sababu "zipo juu", inasubiri. Kabla ya kuvuka na mashine kwenda Pemba, au kuichukua shamba likizo ya skuli, shusha sevu ukiwa bado nyumbani, na hakikisha mashine imewekwa kuwa kuu kwa akaunti yako, la sivyo gemu ulizonunua mtandaoni zitakataa kufunguka huko usikokuwa na intaneti.