Clarke si mtabiri, na mengine tunayobishania Kigoma

Hapa Kigoma riwaya za Arthur C. Clarke, Mwingereza aliyeandika hadithi za kisayansi, huzipati dukani kirahisi. Nakala zinazopita mkono kwa mkono ni chache, zimechakaa, nyingine ziko kwenye simu tu, na zote ni za Kiingereza. Pengine ndiyo maana aliyetangulia kusoma hugeuka mwalimu wa kijiwe kizima, na akishasema jambo, limeshasambaa hadi Ujiji.

"Clarke alitabiri setilaiti." Hili hurudiwa kuliko yote. Ukweli ni kwamba mwaka 1945 aliandika makala, si riwaya, katika jarida la Uingereza la *Wireless World*. Alieleza kuwa chombo kikiwekwa juu ya Ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, kitaizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hutumia kujizungusha, kwa hiyo ukikitazama kutoka chini kitaonekana kimesimama. Vitatu vingetosha kufikisha mawimbi karibu dunia nzima. Ndiyo sababu fundi akishafunga dishi juu ya bati pale Mwanga au Katubuka, haliguswi tena mpaka upepo ulisogeze.

Lakini njia hiyo ya angani hakuivumbua yeye. Mhandisi Herman Potočnik alikwisha kuieleza kitabuni mwaka 1928. Tena Clarke alidhani vituo hivyo vitakaliwa na watu, kwa kuwa mitambo ya redio ya siku zile ilitumia vali za kioo zilizokuwa zikiungua, na lazima awepo mtu wa kuzibadilisha. Muda si mrefu ikaja transista, kifaa kidogo kilichochukua nafasi ya vali. Mtabiri gani huyo? Alikuwa mpiga hesabu, na hesabu yake ilisimama hata vifaa alivyovifikiria vilipopitwa na wakati. Anayemsoma kwa kalenda, akicheka kwamba mwaka 2001, ulio kwenye jina la riwaya yake moja, ulipita na hakuna aliyehamia mwezini, anakosa uhondo wote.

"Hana wahusika, ana mashine tu." Hapa nusu nakubali. Katika *Rendezvous with Rama* (1973) nahodha Norton ni mtu mwema ambaye sura yake unaisahau ukishafunga kitabu. Ila Rama yenyewe hutaisahau. Ni chombo cha angani cha viumbe wasiojulikana, silinda ya kilomita 50 kwa urefu, tupu ndani, inayojizungusha mara moja kila dakika nne, na mzunguko huo ndio unaowabana watu ukutani wasielee. Mwenye kilo 60 angejihisi na zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake. Katikati kuna bahari iliyouzunguka ukuta wa ndani hadi ikakutana, na hapo ndipo Clarke anaponipendeza zaidi: ukuta wa ufukwe upande wa kaskazini una mita 50 kwenda juu, wa kusini mita 500. Kwa nini? Wachunguzi wanakisia wenyewe. Chombo kikiongeza mwendo kuelekea kaskazini, maji yatarundikana kusini, kama yanavyorudi nyuma kwenye ndoo bajaji inapoondoka kwa kasi. Kumbe Rama inaweza kujiendesha! Hakuna aliyewaambia, ukuta umesema. Hiyo ndiyo hadithi, na mtu asiyewahi kushika kitabu cha fizikia anaifuata vizuri tu.

*2001: A Space Odyssey* nayo ina uzushi wake. Wengine husema filamu ilitokana na riwaya, wengine kinyume chake. Clarke na mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick walizitayarisha kwa pamoja, zote zikatoka 1968, filamu ikitangulia. Riwaya inakwenda sayari ya Zohali, filamu inaishia sayari ya Mshtarii, kwa sababu mafundi wa picha hawakuweza kutengeneza pete za Zohali zikaridhisha. Na jina HAL, la kompyuta ya chombo chao, kwamba ni IBM, ile kampuni ya kompyuta, iliyorudishwa nyuma herufi moja moja? Clarke alikana.

"Kila alichoandika ni sayansi tupu." Hapana. Lile jiwe jeusi la *2001* halina maelezo ya kihandisi. Katika *The Fountains of Paradise* (1979), riwaya ya lifti ya kupandia angani, alikihamisha kisiwa kizima. Kwake Sri Lanka, alikoishi tangu 1956 hadi kifo chake 2008, hakukufaa, kwa sababu lifti ilitaka kufungwa Ikweta. Basi akakisogeza kisiwa kama kilomita 800 kusini na kukiita Taprobane. Alidanganya ramani ili asidanganye hesabu, na mimi namsamehe. Lifti yenyewe pia haikuwa wazo lake. Mhandisi Yuri Artsutanov wa Urusi alilitoa mwaka 1960.

Kuna na wale wanaosema Ikweta na roketi ni mambo ya mbali, hayatuhusu. Waitaliano walijenga jukwaa la kurushia roketi baharini karibu na Malindi, Kenya, kwa kuwa karibu na Ikweta mzunguko wa dunia huisaidia roketi zaidi. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza kuundwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei angani. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru.