Taili si wotaprufu, na poda ya kwa simiti pia siyo

Wotaprufu ya bafu ni lile koti, yaani tabaka la kuzuia maji, linalopakwa juu ya plasta na sakafu kabla taili haijagusa ukuta, ili maji yasipenye kuingia kwenye jengo. Maana yake ni hiyo tu. Kinachonichosha ni kwamba hapa Lamu ukimuuliza mtu kama bafu lake lina wotaprufu atakwambia ndio, si tumepiga taili mpaka juu, ama fundi alitia poda kwa simiti, na hamna hata moja hapo linalojibu nilichouliza.

Tuanze na taili. Taili ya porselini kweli hainywi maji, haifiki hata asilimia 0.5 ya uzito wake, lakini zile seramiki nyepesi za ukutani zinaweza kupita asilimia 10, chukua moja uigeuze udondoshee tone la maji mgongoni uone linavyotoweka. Na hata ukinunua porselini ya bei, kati ya taili na taili kuna grauti, na grauti ya kawaida ni simiti, inafyonza, tena kwenye shawa inalowa asubuhi na jioni mwaka mzima. Maji yatafika nyuma ya taili, hilo lisikushangaze. Swali ni yakifika huko yanakuta nini.

Sasa poda, hapa ndo watu wengi wanaponitolea macho. Ile poda inachanganywa ndani ya simiti na kazi yake ni kupunguza plasta kunywa maji, sawa, siikatai. Lakini plasta hupasuka, hasa pale ukuta unapokutana na sakafu na pale bomba linapotokea, na ufa mwembamba kama unywele unatosha, poda haizibi ufa. Koti linanyumbuka kidogo, ndo maana konani linalazwa na kitambaa chake au neti, halafu linapakwa mara mbili, mara ya pili ukipaka kwa kukatisha mwelekeo wa mara ya kwanza, sakafu yote na ukuta wa shawa mpaka kupita kichwa cha shawa. Likikauka unaziba tundu la maji, unajaza sakafu, unaacha saa 24 na unakwenda kuangalia chumba cha chini.

Chumba cha chini nasema kwa sababu nyumba zetu za mawe bafu mara nyingi liko ghorofani, na chini ya ile sakafu kuna boriti za mikoko. Maji yakivuja hayaonekani bafuni kabisa, taili zinang'aa, huku ncha ya boriti iliyoingia ukutani inaoza polepole mpaka siku mtu anaona doa la rangi ya chai darini.

Mteremko nao uwe chini ya koti, sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita kuelekea tundu, usikubali fundi akwambie ataupata kwa gundi ya taili. Akifanya hivyo, maji yaliyopita grauti yatalala juu ya koti yasipate pa kwenda, na bafu litanuka hata ulisugue vipi. Plasta yenyewe iwe kavu na ngumu, ukipitisha kiganja kisitoke na vumbi, na mchanga usiwe wa pwani maana chumvi itakuja kusukuma kila kitu nje.

Jambo jingine, koti la bafuni halitibu ukuta wa matumbawe unaovuta unyevu kutoka ardhini. Huo unakuja kwa nyuma na unalibandua koti lenyewe, kwa hiyo ukuta ukiwa tayari unatoa chumvi tafuta kwanza unyevu unatoka wapi. Wazee walipiga chokaa laini kwenye birika zao, yale matangi ya kuhifadhia maji, na ikashika maji, lakini hawakuificha nyuma ya taili, ikipasuka waliiona wakaziba.

Basi ukikaa na fundi usimuulize "utatia wotaprufu?" kwa sababu atasema ndio na hatakuwa anadanganya kwa anavyoelewa yeye. Muulize utapaka nini juu ya plasta, mara ngapi, na kona utazifunga na nini. Akikujibu poda, mwambie taratibu, poda tia fundi wangu, lakini mimi nauliza kile kinachokuja baada yake.