Wameona, Wamesikitika, Hawajafanya Lolote

Vikundi vya mitaani vinavyokuja kwetu kwa mafunzo ya mawasiliano huja na lalamiko linalofanana. Wamepiga video kuhusu moshi wa jaa la Dandora, au mitaro iliyoziba Mukuru, au kivuko ambapo watoto hugongwa wakienda shule. Video imetazamwa na watu wengi. Wameandika "pole sana", wameituma kwenye makundi ya WhatsApp, na siku ya mkutano wakafika walewale wa mwezi uliopita. Basi husema: watu wa Nairobi hawajali.

Siamini hivyo, na natamani kila mwanaharakati aache kuamini hivyo, kwa sababu ukishaamua kwamba unaozungumza nao hawana moyo utaanza kuwapigia kelele. Mkazi wa Kayole anayetoka nyumbani kabla ya jua na kurudi usiku ana moyo. Amechoka. Ameona mengi yakilalamikiwa na yasibadilike. Na mara nyingi hakuna aliyemwambia afanye nini hasa, wapi, saa ngapi.

Mwaka 1965, Howard Leventhal na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa wanafunzi vijitabu kuhusu pepopunda. Baadhi vilikuwa na maelezo na picha za kutisha, vingine vilikuwa vya upole. Waliosoma vile vya kutisha waliogopa zaidi na wakaona chanjo ni muhimu. Hata hivyo, bila maelekezo ya ziada, waliokwenda kuchanjwa walikuwa takriban asilimia 3. Kundi jingine liliongezewa ramani ya chuo iliyoonyesha zahanati, saa za chanjo, na ombi kwamba kila mmoja apange atapita hapo lini. Hao walifika takriban asilimia 28. Wanafunzi wale walikuwa mwaka wa mwisho, zahanati waliijua. Tena, waliopewa ramani peke yake, bila kuelezwa hatari, hawakwenda.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoisisitiza kila tunapofundisha. Kuguswa bila maelekezo hakumwinui mtu kitini, na maelekezo kwa mtu ambaye hajaguswa hayasomwi. Video ni hodari kwa kazi ya kwanza, maandishi kwa ya pili. Vikundi vyetu hutumia nguvu zote kwenye video, kisha chini yake huandika "tuungane tupaze sauti". Sauti ipi, kwa nani?

Tuanze na video. Chukua Dandora. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilichapisha uchunguzi uliohusisha watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa lile. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Ni takwimu nzito, na kila kikundi hutaka kufungua video nayo. Mimi huwashauri waiweke akiba. Mwaka huohuo wa 2007 watafiti Small, Loewenstein na Slovic walichapisha majaribio ambamo watu waliombwa kuchangia dhidi ya njaa. Waliosoma kuhusu msichana mmoja wa Mali aitwaye Rokia walitoa zaidi ya waliosomewa takwimu za mamilioni. Na waliopewa Rokia pamoja na takwimu walitoa pungufu ya waliopewa Rokia peke yake.

Kwa hiyo mwonyeshe mama mmoja wa Korogocho akifunga dirisha kwa sababu ya moshi, umwache aseme kwa maneno yake mwenyewe. Weka maneno yake pia kwa maandishi kwenye picha, maana wengi watatazama ndani ya matatu bila sauti. Fanya faili iwe ndogo. Bando ni pesa ya mtu. Kama kuna mtoto, pata ruhusa ya mzazi kabla ya kurekodi na umweleze video itakwenda wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda, lakini hata kama isingekuwepo, hakuna kampeni inayostahili kumdhalilisha mtoto ili wageni wamhurumie. Na usiseme "kila mtu hapa anatupa taka mtoni". Ukisema hivyo umemhakikishia mtazamaji kwamba kutupa ni kawaida. Onyesha wale wanaosafisha.

Zusha, kampeni ya usalama barabarani, ni mfano wa hapa kwetu ninaoupenda kuliko yote. Watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu, zikiwahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha ovyo. Katika jaribio la kwanza, lililochapishwa 2011, madai ya bima kwa magari yenye stika yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa 2015, lilionyesha upungufu wa robo hadi theluthi. Abiria walikuwa wanaogopa ajali tangu zamani. Naona stika ilifaa kwa sababu ilikuwa pale pale, wakati ule ule, mbele ya mtu aliye na uwezo wa kupunguza mwendo, na kila abiria alijua kwamba jirani yake ameisoma pia.

Maandishi yakimlenga mwenye uwezo huenda mbali. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine. Kwa balozi wa Uingereza alitumia mfano wa kujenga ndani ya bustani ya Hyde Park, London, ili balozi aone jambo lenyewe kwa macho ya nyumbani kwao. Wawekezaji wa nje walijitoa na mradi ukafa.

Leo tuna nyenzo ambazo Wangari hakuwa nazo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limekabidhi kaunti kazi ya taka na majaa, hivyo barua ya Dandora haina haja ya kuanzia Ikulu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti. Hapo sasa ndipo wale watoto 328 wanapoingia, katika aya ya pili ya barua, kwa sababu karani na mwakilishi wa wadi wanahitaji ushahidi wa kushika. Na chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, raia akiomba taarifa, ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21; kama ni suala la uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48.

Basi mwisho wa video usiandike "tuchukue hatua". Andika: njoo utie saini Jumamosi, saa nne asubuhi, nje ya ofisi ya chifu, dakika tano zinatosha. Waombe watu wajibu wakitaja saa watakayopita. Barua ikishafikishwa, rudi kwa waliotia saini na video nyingine fupi inayoonyesha nakala iliyogongwa muhuri na tarehe ambayo jibu linatakiwa, na siku hiyo ikifika, waambie umejibiwa nini.