Ganda la iliki na unga wa ladha: dhana potofu na ukweli

Anayejua kupika chai huvunja iliki dakika ile ile anapoitia sufuriani. Ikiwa ndani ya ganda, punje hukaa na harufu yake miezi mingi. Ikisagwa na kuachwa wazi, haichukui muda kufifia. Viwanda vya vyakula vinapofunika vitone vya mafuta ya chungwa, tangawizi au iliki kwa ukuta mwembamba na kuvigeuza unga, vinaiga ganda hilo. Ni kazi ninayoipenda, na inaniuma kuona inavyoeleweka vibaya.

Wengi huamini kuwa vitone hivyo vilivyofunikwa, yaani vikapsuli, vina ukuta wa plastiki. Katika ladha za vyakula, ukuta mara nyingi ni gundi ya mgunga, inayotoka Sudan zaidi ya kwingineko, na ambayo nchini Kenya hukusanywa Turkana, Samburu na Isiolo. Huchanganywa na maltodekstrini, yaani wanga uliokatwa vipande vifupi, au hutumika protini ya maziwa. Gundi hiyo ina sifa adimu: huyeyuka kwa wingi majini bila kuwa nzito kama uji, na sehemu yake yenye protini hung'ang'ania mafuta huku sehemu ya sukari ikielekea majini. Ndiyo maana mafuta hayajitengi yakaelea juu. Mdomoni ukuta huyeyuka, ladha ikatoka.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni ya moto. Watu huuliza: hewa ya nyuzi 180 za Selsiasi itabakiza harufu gani? Swali hilo ni la haki. Mashine hunyunyiza mchanganyiko wa mafuta, gundi na maji kama ukungu ndani ya mnara wa hewa moto. Lakini tone lenye maji halifikii joto la hewa inayolizunguka, kwa sababu maji yakigeuka mvuke huondoka na joto, kama mtungi unavyopoza maji yake. Hewa inapotoka mnarani huwa imeshuka hadi nyuzi 80 au 90 hivi, na ukaukaji wenyewe ni wa sekunde chache tu. Tena uso wa tone hukauka kwanza, ukawa utando. Molekuli ndogo za maji huupenya. Zile kubwa za harufu hupita kwa shida sana. Hasara kubwa hutokea kabla utando haujafunga. Kwa hiyo anayeongeza maji mengi ili mchanganyiko upite kwa urahisi huchelewesha utando na kupoteza harufu, kisha lawama huutupia moto.

Dhana nyingine ni kwamba kilichofunikwa hakiharibiki tena. Ukuta mkavu ni kama kioo: mgumu, umebana. Unyevu ukiingia, kioo hicho hulainika, unga hushikana mabonge, na oksijeni hupata njia. Kwa sisi wa pwani, hewa ya Tanga au Mombasa inatosha kuuharibu mfuko ulioachwa wazi. Kuna pia mafuta kidogo yanayobaki nje ya ukuta, nayo hayana kinga yoyote. Mafuta ya maganda ya chungwa ni limonini, kemikali ya harufu, kwa zaidi ya asilimia 90. Oksijeni ikiishika, sehemu yake hugeuka karvoni, yenye harufu ya jamii ya mnanaa, na chungwa linaanza kunukia kitu kingine. Wala ukuta hauponyi: mafuta yaliyokwisha kuchacha yakifunikwa, yatachachisha chakula vilevile.

Si kweli pia kwamba kila dondoo lina haja sawa ya kufunikwa. Zaidi ya nusu ya mafuta ya karafuu, zao la Unguja na Pemba, ni yujenoli, kemikali ya harufu ambayo yenyewe huizuia oksijeni. Mafuta hayo huvumilia kuliko ya chungwa. Yakifunikwa, faida huwa zaidi katika kupima kwa urahisi na kupunguza ukali wake.

Wala ukuta mmoja haufai kila chakula. Unga uliofunikwa kwa gundi unafaa sana kwenye sharubati ya kukoroga, kwa kuwa pale tunataka uyeyuke mara moja. Mwokaji akiutia kwenye kinyunga, utayeyuka wakati wa kukanda, na harufu itafika tanurini ikiwa haina kinga. Yeye aombe uliopakwa tabaka la juu la mafuta magumu, ambalo maji hayaliyeyushi na ambalo huachia ladha tanuri likishapata moto.