Straikauti 2,440 za Monica Abbott, na ubingwa ambao hakuupata

Juzi baada ya mazoezi mama mmoja aliyekuja kumchukua binti yake akaniuliza, kocha, huyu Monica Abbott unayewaonyesha watoto kwenye simu kila siku, alichukua ubingwa wa vyuo mara ngapi? Nikamwambia mama, hajawahi hata mara moja. Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza sasa kwa nini huyo. Nilimjibu harakaharaka kwa sababu giza lilikuwa linaingia, lakini lile jibu halikunitosha mwenyewe, manake kazi yangu ni kufundisha mabinti kurusha mpira wa softiboli na kwa kweli sijaona mtu wa kujifunza kwake kama huyu dada wa Marekani, mrushaji wa softiboli.

Kwa ambao mchezo ni mgeni kwao, kama ulicheza raunda shule ya msingi basi nusu ya habari unayo. Mrushaji, sisi tunamwita pitcha, anasimama mita 13 na kitu kutoka kwa mpigaji, anarusha kwa chini, mkono unapanda unazunguka duara zima kama pangaboi, unashuka na kupita kando ya paja na hapo ndo mpira unatoka. Mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha upite ni straiki, akifikisha straiki tatu ameenda, hiyo ndo straikauti. Mechi ni iningi 7, yaani zamu 7 za kupiga kwa kila timu, kila iningi unatoa watu 3, yaani ukitaka kumaliza kazi ya siku lazima utoe watu 21.

Sasa Abbott, binti wa Salinas, California, alifika chuo cha Tennessee pale Knoxville na kuanza kucheza msimu wa 2004. Mrefu, mita 1.90, halafu anatumia mkono wa kushoto. Mapitcha wengi ni wa kulia, kwa hiyo mpigaji macho yake yameshazoea mpira utokee upande fulani, ghafla anakuja mtu wa kushoto mwenye mguu mrefu anayeruka mbele kabla ya kuachia, na zile mita 13 zinapungua zaidi. Mpira unamfika kwa chini ya nusu sekunde. Huna muda wa kuangalia halafu ndo uamue, unaanza kuzungusha gongo wakati mpira bado uko njiani na unaomba Mungu uwe umebahatisha.

Halafu kuna ule mpira wa kupanda, na hapa ndo napenda kukaa na watoto muda mrefu. Unashika mshono kwa ncha za vidole, wakati wa kuachia unageuza kiganja kama mtu anayefungua kitasa cha mlango, mpira unatoka ukijizungusha kwa nyuma. Wapigaji watakuapia kwamba unaruka juu. Kisayansi haupandi hivyo, kule kujizungusha kunapunguza tu kasi ya kuanguka kwake, ila jicho lilishapiga hesabu kwamba mpira utashuka, kwa hiyo gongo linapita chini yake. Binti akianza kujifunza huu mpira utamwona ana alama ya wekundu kwenye nyonga pale mkono unapokwaruza kila mara, na kidole cha kati kinaota sugu. Mimi nikiona ile sugu najua huyu anafanya mazoezi hata nyumbani.

Njoo kwenye hesabu sasa. Msimu wa 2004 straikauti 582, 2005 akapata 603, 2006 zikawa 531, na 2007 zikafika 724. Jumla 2,440, rekodi ya vyuo vya Marekani, akampita Cat Osterman wa Texas aliyekuwa na 2,265, naye wa kushoto pia. Ugawe kwa 21 utapata mechi 116 nzimanzima ambazo kila mtu ametoka kwa straikauti. Ongeza ushindi 189, na mechi 112 ambazo wapinzani hawakupata hata pointi moja. Mimi siamini kuna atakayeifikia hiyo 2,440, si kwamba mabinti wa sasa hawana uwezo, hapana, wapo wakali sana, ila makocha siku hizi wanagawa kazi kwa mapitcha wawili watatu, na mimi naunga mkono kabisa kwa sababu mabega ya watoto nayajua. Kipindi kile timu ilikuwa inapanda mgongoni kwa mtu mmoja.

Na hapo ndo jibu la yule mama lilipo. Juni 2007, Oklahoma City, fainali ya vyuo, Tennessee na Arizona, mshindi ni wa mechi mbili kati ya tatu. Mechi ya kwanza Tennessee 3-0. Ya pili iningi 7 zikaisha bila bila, wakaendelea mpaka ya 10, Arizona wakashinda 1-0. Moja tu! Ya tatu Arizona 5-0, kwisha. Upande ule mwingine alikuwepo Taryne Mowatt, binti mfupi tu ukimlinganisha na Abbott, ambaye kwenye mashindano yale alirusha mipira zaidi ya 1,000. Nikiwaonyesha wanafunzi wangu ile mechi ya pili huwa nawaambia msiangalie ubao wa matokeo, angalieni mguu wa Abbott iningi ya 9, bado unatua palepale ulipotua iningi ya kwanza. Hilo ndo la kujifunza pale. Pitcha anazuia pointi, hazifungi, na timu yake ikikosa hata moja kwa iningi 10 hakuna mkono duniani utakaoshinda hiyo mechi.

Baada ya chuo alienda mbali. Alikuwa na timu ya Toyota kule Japani miaka mingi, Juni 2012 akarusha mpira wa maili 77 kwa saa, karibu kilomita 124, ukaingia kitabu cha rekodi cha Guinness, na 2016 akasaini mkataba wa dola milioni moja kwa miaka 6 na Scrap Yard Dawgs ya Texas. Olimpiki alipata fedha Beijing 2008, halafu softiboli ikaondolewa, akasubiri mpaka michezo ya Tokyo iliyochezwa 2021, akarudi na umri wa miaka 35 akiwa timu moja na yuleyule Osterman, akapata fedha tena. Mara zote mbili walifungwa na Japani.

Mama yule Jumamosi atakuja tena. Nimeshaiweka tayari kwenye simu ile iningi ya 9, nataka tuitazame pamoja.