Je, wajua kwa nini mkulima mzoefu bado anamhitaji bwana shamba?

Mzee aliyelima mahindi miaka arobaini akitembelewa na kijana mwenye diploma ya kilimo, huwa anajiuliza moyoni: huyu atanifundisha nini? Swali lina haki yake. Mzee anajua kona inayotuamisha maji, anajua mbegu ipi ilimtupa mkono na mwaka gani. Ila analijua shamba moja. Afisa ugani, au bwana shamba na bibi shamba kama wengi tunavyowaita, huona mashamba ya kata nzima ndani ya msimu mmoja, na nyuma yake wapo watafiti wanaojaribu mbegu na kupima udongo. Kazi yake hasa ni kuukutanisha ujuzi wa huku na wa kule.

Chukulia mahindi yamekuwa ya njano. Wengi wetu tukiyaona hivyo tunakimbilia duka la pembejeo kununua Urea, mbolea ya naitrojeni, na mara nyingine tunapatia. Mhindi uliokosa naitrojeni huanza kugeuka njano kwenye majani ya chini, rangi ikiingia kutokea nchani kufuata mshipa wa kati mithili ya herufi V. Sababu ni kwamba mmea wenye njaa huyanyang'anya majani makuukuu naitrojeni yake na kuyapelekea machanga. Manjano yakianzia juu, kwenye majani machanga, mshukiwa ni mwingine: huenda ni salfa, ambayo haihamishiki kirahisi ndani ya mmea. Kingo za majani ya chini zikiungua, mtu hufikiria potasiamu. Majani yakipiga zambarau, fosforasi, na hapo pana mtego: fosforasi yaweza kuwamo udongoni lakini asidi imeikamata, hivyo kinachotakiwa kwanza ni chokaa ya kilimo. Tena yawezekana hakuna kilichopungua kabisa. Maji yametuama tu na mizizi haipati hewa. Mfuko wa Urea hapo ni pesa iliyomwagwa.

Ndiyo maana bwana shamba mzuri huanza na maswali. Ulipanda lini? Msimu uliopita palikuwa na nini? Maji husimama siku ngapi? Akitaja dawa kabla hajaingia shambani, mtilie shaka. Macho nayo yana mwisho wake, kwa hiyo kipimo cha udongo kinasaidia; mwaka 2022 serikali ya Tanzania iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, pamoja na vifaa vya kupimia afya ya udongo.

Kuna mambo mengine ambayo hata uzoefu wa babu haukuyakuta. Viwavijeshi vamizi asili yao ni bara la Amerika; Afrika waliripotiwa mwaka 2016 upande wa magharibi, na mwaka uliofuata walikuwa wamefika Tanzania na Kenya. Wapo waliopiga dawa saa sita mchana juu ya majani, wakati kiwavi amejificha ndani kwenye moyo wa mhindi, pale katikati majani machanga yalipojikunja. Ushauri uliofaa ulikuwa kukagua shamba mapema, kuwawahi viwavi wakingali wadogo, na kuelekeza dawa kwenye moyo wa mmea asubuhi na mapema au jioni. Kiwavi akishaingia kwenye gunzi, dawa haimfikii tena. Wapo pia wakulima waliotia majivu au mchanga kwenye moyo wa mhindi kwa akili yao wenyewe, na mbinu hiyo ikaingia katika mazungumzo ya wataalamu. Ujuzi hausafiri njia moja.

Walioliona hilo kwa uchungu ni Waluguru. Miaka ya 1950, utawala wa kikoloni uliwalazimisha wakazi wa milima ya Uluguru, Morogoro, kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Wazo halikuwa la kijinga. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini udongo wenye rutuba katika miteremko ile ni tabaka jembamba, na kuchimba ngazi kulileta juu udongo wa chini usio na nguvu. Watu walitoa jasho, mavuno hayakulipa. Mwaka 1955 vurugu zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Naamini sehemu ya ile shaka ya mzee kwa kijana mwenye diploma imetoka kwenye historia za namna hii.

Njia iliyokuja kurekebisha kasoro hiyo ni shamba darasa. Lilianza Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wakulima wa mpunga walipokuwa wakisumbuliwa na wadudu, na likafika Kenya katikati ya miaka ya 1990. Kikundi cha watu kama 25 hulima vipande viwili, kimoja kwa mazoea yao, kingine kwa mbinu mpya. Hukutana mara kwa mara, aghalabu kila wiki, wakahesabu wadudu, wakapima urefu wa mimea, wakachora walichoona na kubishana. Bwana shamba huuliza zaidi ya kujibu. Mwisho wa msimu mizani ndiyo inayoamua, na mbinu mpya nayo huweza kushindwa.

Tatizo ni kwamba afisa mmoja huweza kubeba vijiji kadhaa, na pengo hilo linazibwa na muuza pembejeo, ambaye ushauri wake ni bure lakini riziki yake ni chupa anayokuuzia. Kwa hiyo ukienda ofisi ya kata, usiende na maelezo matupu. Ng'oa mche mgonjwa na mizizi yake, ng'oa na mzima wa kulinganisha, chukua udongo kidogo wa pale uliposimama, na ubebe mfuko wa mbegu uliyopanda na chupa ya dawa uliyokwisha kupiga. Na piga picha ya shamba zima, maana mahali ugonjwa ulipoanzia, pembeni, bondeni au kila mahali, humwambia mengi kuliko jani moja.